Nguo Mpya ya Boti Kuukuu

Je, kukivika chombo kikuukuu nguo mpya ni uwongo? Swali hili laweza kuonekana dogo, la kuzungumzwa na watu wasio na kazi. Lakini kila anayekaa Baraka, na kila anayeteremka kutoka milima ya Fizi kuja kupanda boti, hukabidhi uhai wake kwa kitu asichoweza kuchungulia ndani yake. Barabara zetu mwazijua, wasomaji wapenzi. Mvua ikishika, malori hulala katika tope, na ziwa ndilo huwa njia: kaskazini Uvira, kusini Kalemie, ng'ambo Kigoma. Kwetu boti si jambo la starehe. Ni njia ya soko na ya hospitali, na mara nyingine imekuwa njia ya kuokoa roho. Vita vilipofika mwaka 1996, watu wa Fizi kwa maelfu walivuka maji kwenda Tanzania. Na kuanzia Oktoba 2005 wengi wao walirudishwa kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka. Aliyevuka namna hiyo hasahau upesi mahali alipokalia.

Basi, tuseme habari ya mahali pa kukalia.

Boti nyingi za mbao hazina matandiko yoyote. Abiria huketi juu ya ubao mtupu, au juu ya magunia. Lakini zile za mwendo wa kasi, na zile zilizokuwa za mashirika kisha zikauzwa, zikapita mkono wa pili na wa tatu, huwa na viti vyenye sponji, na juu ya sponji imevutwa ngozi ya plastiki. Ngozi hiyo haikutoka kwa mnyama yeyote. Asili yake ni plastiki ngumu, ambayo mwaka 1926 Mmarekani mmoja, Waldo Semon, alivumbua njia ya kuilainisha kwa kuichanganya na dawa fulani za majimaji mazito. Na kitu kilicholainishwa kwa dawa hurudia ugumu wake dawa ikitoka. Jua letu la karibu na ikweta huifukuza dawa ile mwaka baada ya mwaka. Ngozi hukakamaa, rangi hufifia, halafu hupasuka, kwanza pembeni na penye mshono, ambapo sindano ilikwisha kuitoboa. Kama uzi ni wa pamba, wenyewe huoza kabla ya ngozi.

Hapo ndipo maji yanapopata mlango. Sponji hunywa mvua na mawimbi, na haiyatoi tena kwa urahisi. Chini yake kuna ubao, mara nyingi plaiwudi, ambayo huku Kongo wengi huiita tripleksi. Ubao uliolowa siku zote bila kupata hewa huota kuvu, na kuvu hula mti kimya kimya kutoka ndani. Watu wa pwani wana bahati kidogo, kwa maana chumvi ya bahari huzuia kuvu kwa kiasi fulani. Maji yetu ya Tanganyika ni matamu, hayazuii kitu. Na maji ya mvua ndiyo mabaya kupita yote. Ufa wa upana wa vidole viwili juu ya kiti waweza kuozesha ubao wa urefu wa mtu mzima.

Nimeeleza hayo kwa sababu wako watu wakali wanaosema kwamba kubadili ngozi ya viti ni majivuno tu. Kwamba mwenye boti angefanya vizuri kununua pamba ya kukalafati nyufa. Siwakubalii. Ngozi nzima ni paa la ubao ulio chini yake. Tena, mama aliyembeba mtoto mgonjwa saa nyingi juu ya maji anastahili kuketi mahali pakavu. Anayemtengenezea mahali hapo anafanya kazi ya heshima, hata kama wengine wanaiita mapambo. Basi jibu la kwanza ni hili: kukivika chombo kikuukuu si uwongo. Mbona sisi wenyewe twaivika miili yetu iliyozeeka, wala hakuna anayetuita waongo?

Lakini swali halikwisha. Limeanza tu.

Kazi yenyewe hufanywaje? Huku kwetu, kama mahali pengi, yule anayeshona viti vya pikipiki ndiye anayeitwa kwa viti vya boti pia. Huing'oa ngozi ya zamani polepole asiichane, akafumua mishono, akavilaza vipande juu ya ngozi mpya, akavitumia kama vielelezo vya kukatia. Fundi mwema havitupi vile vya zamani mpaka vipya vimekaa. Huchagua uzi wa nailoni au poliesta, si wa pamba. Huvuta ngozi kutoka katikati kwenda pembeni, asiache makunyanzi. Hupigilia misumari isiyoshika kutu; tena huacha matundu upande wa chini ili maji yatakayoingia, kwa maana yataingia tu, yapate pa kutokea. Mjinga huziba pande zote akidhani ndiyo nguvu, na kumbe amejenga nyumba ya kuvu.

Ila katika kazi hiyo iko saa moja isiyomo katika bei. Ni ile saa ambayo ngozi ya zamani imekwisha kuondolewa na mpya haijawekwa. Ubao uko wazi. Pengine ni miaka kumi haujaonwa na mtu, na baada ya jioni hii hautaonwa miaka kumi mingine. Fundi achukua ncha ya kisu, agusa. Kisu chaingia kama katika muhogo uliochemka. Agonga kwa mpini, sauti yarudi nzito, bila mlio. Afuata ule uozo kwa kidole mpaka mwisho wa kiti, aona kwamba haukukoma kwenye kiti. Umeshika taruma, ule ubavu wa chombo ambao mbao za ubavuni zimepigiliwa juu yake. Amwita mwenye boti.

"Mzee, njoo utazame. Ubao huu umekwisha."

"Nimeuona. Funika tu, fundi. Watu wa kesho wamekwisha kulipa."

"Na taruma hili nalo limeanza, Mzee."

"Kwani mimi nimekuita kwa viti au kwa boti?"

Neno hilo la mwisho ndilo lenye uzito wote. Kwa sheria ya mapatano, mwenye boti amesema kweli: fundi ameitwa kwa viti. Hakuna aliyempa ruhusa ya kupima chombo. Hatasema uwongo wowote. Atashona tu, kama alivyoahidi, na mshono wake utakuwa mzuri. Abiria hatamwuliza neno, kwa maana hamjui. Je, ana deni gani, na kwa nani?

Yafaa hapa kumsikiliza Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye katika Summa Theologiae alijiuliza kama mwenye kuuza anapaswa kutangaza ubovu wa kitu chake. Jibu lake halikuwa la mtu mkali asiyejua soko. Alipambanua. Ubovu ulio wazi, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji hana lazima ya kuupigia mbiu, mradi bei ipungue kwa haki: mnunuzi naye ana macho. Lakini ubovu uliofichika, nao waweza kumletea mnunuzi hatari au hasara, kama nyumba inayotaka kuanguka ikiuzwa kama nyumba imara, huo ni lazima kuusema. Asiyeusema ametenda dhuluma, hata kama hakutamka neno moja la uwongo.

Sasa tazameni ajabu ya kazi ya fundi wetu. Kiti kile kilipokuwa kimepasuka, chenye sponji inayochuruzika maji, kilikuwa kama farasi mwenye jicho moja. Kilisema chenyewe. Abiria alipokiona alijua: chombo hiki kimechoka. Aliweza kupanda au kuacha, kukaa karibu na ukingo, kumwambia mwanawe asiiachie jaketi ya kuokolea. Fundi akiisha kukifunika, ubovu ule ule, bila kuongezeka hata kidogo, umehama kutoka ubovu wa wazi ukawa ubovu wa siri. Abiria amenyang'anywa ushuhuda aliokuwa nao. Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba fundi hakutenda neno. Kiti kilikuwa na kinywa, naye amekishona. Tangu hapo yeye na mwenye boti wanadaiwa kusema kile ambacho kiti kilikuwa kikisema bure.

Wahenga wetu walitwambia kwamba nyumba njema si mlango, na kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Walijua soko. Lakini abiria hawezi kufungua mlango wa boti aingie mpaka mbavuni. Anachokiona ndicho alichopewa.

Na mwenye boti je? Wengi humdhani kuwa mwizi aliyejua yote akanyamaza. Naona mara nyingi sivyo, na hapo ndipo hatari ilipo zaidi. Mwaka 1877 mwanafalsafa Mwingereza, William Clifford, alichapisha insha iliyoanza na mfano wa mwenye merikebu ya kuwasafirisha wahamaji. Alijua kwamba chombo chake ni kikuukuu na kwamba chahitaji matengenezo. Mashaka yalimsumbua. Akayanyamazisha: akajikumbusha safari nyingi ambazo merikebu ilirudi salama, akajiambia kwamba Mungu hataziacha jamaa zile zote zipotee, mwisho akaamini kwa moyo mweupe. Merikebu ikazama, naye akalipwa bima. Clifford hakuwa rafiki wa dini, na mambo mengi aliyoyaandika hatuwezi kuyafuata. Lakini hapa ameona sawasawa: mtu yule alikuwa na hatia ingawa aliamini kweli, kwa sababu imani ile hakuipata kwa kuchunguza, aliipata kwa kuziba masikio. Hata kama merikebu ingefika salama, asema, hatia ingebaki ile ile.

Naongeza neno moja. Kifuniko kipya humdanganya mwenyewe kabla ya kumdanganya abiria. Jioni ile aliuona ubao uliooza. Asubuhi aona safu ya viti vyekundu vinavyong'aa, na watu wanasifu. Baada ya mwezi mmoja akiulizwa habari ya boti yake atasema kwa unyofu, "Nimeitengeneza juzi tu." Wala hasemi uwongo kwa makusudi. Macho yake yamelishwa uzuri mpaka yamesahau.

Maji haya hayana mzaha. Desemba 2014 meli iitwayo Mutambala, jina la mto wetu wa huku Fizi, ilizama katika ziwa hili ikiwa safarini kutoka Kalemie kwenda Uvira, na watu zaidi ya 120 wakafa. Wakubwa wa serikali walitaja mzigo kupita kiasi na upepo mkali; sisemi hata kidogo kwamba ubao uliooza ulikuwa na sehemu katika msiba ule. Nataja kwa sababu wale waliopanda walikuwa kama sisi: waliona sura ya chombo, hawakupewa kujua zaidi. Kule Uingereza miaka ya 1870 mbunge Samuel Plimsoll alipigana na wenye meli waliozipaka rangi meli zilizochoka na kuzijaza shehena kupita uwezo. Sheria ya mwaka 1876 iliamuru kila meli ichorwe alama ubavuni, kuonyesha mwisho wa kuzama kwake ikipakiwa, ili hata mchukuzi wa bandarini aione. Jambo la kuchekesha, kama si la kuliza: kwanza wenye meli wenyewe waliachiwa kuamua alama ichorwe wapi, na ilikuwa mpaka mwaka 1890 sheria ilipowaondolea uhuru huo. Sura ya nje yaweza kusema kweli, ila si kama imeachwa mikononi mwa mwenye faida peke yake.

Najua jibu la mwenye boti wa Baraka, na si jibu la mtu mbaya. Atasema: "Ninyi mnaoandika mmekaa pakavu. Ubao mzuri ni ghali, mafuta ya injini ni ghali. Nikiisimamisha boti wiki tatu, wenye ndagala watapeleka samaki zao kwa nini? Mgonjwa atakwenda Uvira kwa miguu?" Maneno hayo yana haki ndani yake. Boti inayolala ufukoni haimsaidii mtu, na umaskini si dhambi. Lakini tazameni vizuri swali lilivyo. Fedha ya ngozi mpya anayo. Ndiyo aliyomwitia fundi. Basi shida yake ni mpango: kipi kitangulie. Kama fedha yatosha kitu kimoja tu, ubao utangulie, na taruma litangulie ubao. Ngozi ya zamani yaweza kungoja, ikatiwa kiraka. Kiraka kina njia yake: kikatwe katika ngozi ya upande wa chini wa kiti usioonekana, ili rangi zisipishane sana, mahali pasafishwe mafuta na kukauka kabisa kabla ya gundi, pembe zake ziviringwe, kwa sababu pembe kali huinuka mapema. Mimi nakipenda kiraka. Hakijifanyi kipya. Kinamwambia abiria kwamba palipasuka na mtu amepashughulikia.

Na kama hata ubao haununuliki mwezi huu? Basi kiti kile kifungwe kisikaliwe, watu wapungue, mizigo ipungue, na asiyependa kupanda arudishiwe nauli yake. Hasara ipo, lakini ni ya mwenye chombo, si ya mama yule na mtoto wake. Pia asidhani kiti ni kiti tu. Katika boti nyingi za mbao ubao wa kukalia umepigiliwa toka ubavu hadi ubavu, nao ndio unaozishika pande mbili zisiachane wimbi linapopiga. Swali la "viti au boti" mara nyingine halina maana hata kwa seremala.

Nirudi kwa fundi, maana yeye ndiye aliyeachwa peke yake na kisu mkononi. Je, akatae? Kama uozo ni wa ubao wa kiti tu, aseme wazi mbele ya watu wa chombo, abadili ubao kwanza ndipo ashone. Kama ni taruma, naona hawezi kufunika viti vya abiria na kubaki na mikono safi. Lakini sisi tunaohukumu tukumbuke: akikataa, watoto wake watalala na njaa, na kabla ya saa sita fundi mwingine atakuwa amekwisha kuketi mahali pake na sindano. Kumdai mtu mmoja ushujaa kila siku, wakati ufuko mzima wanyamaza, ni kumtwika mzigo wa watu ishirini. Mafundi wakipatana wao kwa wao kwamba hakuna atakayeshona juu ya taruma lililooza, katao la mmoja halitamnyima chakula, kwa kuwa hakuna wa kumpokonya kazi. Mapatano ya namna hiyo hayahitaji serikali, wala hati yenye mhuri. Yahitaji mkutano mmoja chini ya mwembe, na watu wanaotazamana usoni kila siku.

Iko meli moja katika ziwa letu ambayo wazee wengi waliipanda, nayo ni Liemba. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, wakaifungua vipande vipande, wakaipeleka mpaka Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata, vita vilipowashinda, waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka mashine zake mafuta mazito, kila chuma, wakijua kwamba pengine adui ndiye atakayezifungua. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakakuta mashine zafaa, na mwaka 1927 meli ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Mafuta yale nayo yalikuwa kifuniko. Yalipakwa na watu waliotazamia kwamba siku moja kifuniko kitaondolewa, na atakayekiondoa atakuta kitu kizima. Mwenye boti wa jioni ile anaomba kifuniko kisichofunguliwa kamwe.

Tofauti hiyo fundi aweza kuishona ndani ya kazi yake, wala haigharimu sana. Badala ya kupigilia ngozi moja kwa moja juu ya ubao, ashone mito inayojitegemea, kila mmoja na mfuko wake, na kuufunga kwa kamba au kwa mikanda yenye vifungo. Boti ikifika Baraka jioni na mizigo ikishushwa, vijana huifungua mito, huisimamisha mchangani ikauke kwa upepo wa ziwa, na mbao hubaki wazi usiku kucha, kila apitaye akiziona.